Mtoto wa Miaka 12 Mbele ya SAT: Namna ya Kumsajili, Kumwandaa na Kuzisoma Alama Zake

Maswali ni yale yale kila msimu. Mzazi Mswahili anayeishi Marekani anapokea barua ya shule inayosema kwamba mwanawe wa darasa la 7 anafaa kujaribu SAT, mtihani ambao kwa kawaida hufanywa na vijana wa miaka 16 na 17 wanaojiandaa kuomba vyuo, na papo hapo ananipigia simu: kwani wanataka kumpeleka chuoni mtoto ambaye bado anakumbushwa kupiga mswaki? Mwingine yuko Nairobi au Dar es Salaam, mtoto wake anasoma shule ya kimataifa, na amesikia kwa jirani kwamba mtihani huo unaruhusiwa hata kwa wadogo. Matokeo yakishatoka huja simu ya pili, na hiyo ndiyo nzito: "Amepata 980. Amefeli?"

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya simu ya pili zaidi kuliko ya kwanza. Kumsajili mtoto ni kazi ya siku moja au mbili, lakini alama iliyosomwa vibaya inaweza kumvunja moyo mtoto mwaka mzima, au kumpandisha kichwa hadi asiingie darasani kwa adabu.

Kwanza, kwa nini mtoto apimwe kwa mtihani wa wakubwa

Chukua mizani ya dukani inayoishia kilo 5. Ukiiwekea gunia la mahindi, mshale utagonga mwisho na kusimama hapo. Ukiiwekea gunia jingine lililo zito zaidi, mshale utasimama pale pale, na wewe hutajua lipi limelizidi lenzake. Mitihani ya darasani iko hivyo kwa watoto wanaopata 98 na 99 kila muhula, kwa maana inakuambia kwamba wamefika mwisho wa mizani bila kukuambia uzito wao. SAT ni mizani kubwa zaidi, na ndiyo sababu pekee ya kumpandisha mtoto mdogo juu yake.

Mpango huu una historia. Mwaka 1971, Julian Stanley, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, alianzisha utafiti wa vijana wenye kipaji kikubwa cha hisabati, na mwaka uliofuata akawaita watoto wadogo kufanya mtihani ulioandaliwa kwa wakubwa. Chanzo chake kilikuwa kijana mmoja wa Baltimore, Joseph Bates, ambaye alifanya vizuri mno katika mitihani ya wakubwa na kuingia Johns Hopkins akiwa na miaka 13. Mwaka 1979 chuo hicho kilianzisha kituo maalumu cha vijana wenye vipaji, na vyuo vingine vikafuata mfano huo. Nadharia inayohitajika ni hiyo tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Uwe na pasipoti ya mtoto, au kitambulisho chenye picha kinachokubalika katika nchi unayoishi; kwa aliye Afrika Mashariki, pasipoti ndiyo isiyoleta ubishi mlangoni. Ukitakiwa kutoa picha ya mtoto, iwe ya siku za karibuni, iliyo wazi, isiyo na kofia wala miwani ya jua. Uwe na kompyuta mpakato ya Windows au Mac, au iPad, yenye betri inayodumu saa tatu hadi nne bila kuchajiwa, kwa kuwa mtihani sasa hufanywa kwa programu iitwayo Bluebook, ambayo haifanyi kazi kwenye simu. Angalizo kwa wenye Chromebook: ile iliyotolewa na kusimamiwa na shule inakubalika, lakini ile uliyoinunua mwenyewe dukani haikubaliki.

Uwe pia na fedha ya ada. Katika mwaka wa masomo wa 2024–25 ada ilikuwa dola 68, na anayefanyia nje ya Marekani huongezewa ada nyingine juu yake. Msamaha wa ada upo kwa familia za kipato cha chini, lakini umetengewa wanafunzi wa darasa la 11 na 12, kwa hiyo mzazi wa mtoto mdogo apange kulipa mwenyewe.

Kitu cha mwisho ni ridhaa ya mtoto. Ninaitaja pamoja na pasipoti kwa makusudi, maana mtoto aliyeburuzwa hadi chumba cha mtihani hukaa saa mbili akichezea panya wa kompyuta, nawe utakuwa umenunua alama isiyomhusu.

Hatua ya 1: Andika swali unalotaka lijibiwe

Kabla ya kulipa chochote, chukua karatasi uandike sentensi moja inayosema unataka kujua nini. "Je, hisabati ya darasa lake inamtosha, au anahitaji aljebra ya darasa la mbele?" ni swali ambalo SAT inaweza kulijibu. "Je, programu fulani ya masomo ya likizo itampokea?" ni swali jingine zuri, ilimradi umesoma masharti ya programu hiyo na kuona kwamba inapokea alama za SAT. "Je, mwanangu ana akili kuliko wa shangazi yake?" si swali la mtihani huu, wala la mtihani wowote ule, na ukiona hilo ndilo linalokusukuma, tunza dola zako.

Hatua ya 2: Chagua mtihani unaomfaa

Milango mikubwa ni mitatu. Wa kwanza ni PSAT 8/9, ambao umetungwa kwa ajili ya wanafunzi wa darasa la 8 na la 9 na hufanywa kupitia shule peke yake, hivyo mzazi hawezi kumsajili mtoto kwa mkono wake. Alama zake huanzia 240 na kuishia 1440. Kwa mtoto anayefanya vizuri darasani bila kuwa wa ajabu, huu ndio mlango bora, na shule ikiwa nao, anza hapo.

Mlango wa pili ni SAT wenyewe, wenye alama kuanzia 400 hadi 1600, zinazotokana na sehemu mbili: Kusoma na Kuandika, kisha Hisabati, kila moja kuanzia 200 hadi 800. Unamfaa mtoto ambaye mitihani ya ngazi yake imekwisha kugonga mwisho wa mizani. Mlango wa tatu ni ACT, unaohesabiwa kuanzia 1 hadi 36 na kutolewa na taasisi nyingine. Nao unafaa, lakini mwongozo huu unafuata SAT kwa kuwa ndio ninaoulizwa.

Hatua ya 3: Msajili mapema, kwa jina lililo kwenye kitambulisho

Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya kulinda faragha ya watoto mtandaoni inawabana wanaokusanya taarifa za watoto walio chini ya miaka 13, na kwa sababu hiyo mtoto wa umri huo hafungui akaunti ya College Board, wenye mtihani huo, kama afanyavyo kaka yake. Mzazi awapigie simu watu wa huduma kwa wateja wa College Board, ataje tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, na afuate njia atakayoelekezwa. Fanya hivyo miezi miwili au mitatu kabla ya tarehe unayoitaka. Aliyekwisha kutimiza miaka 13 anasajiliwa mtandaoni kama kawaida.

*Kosa la kawaida:* wapo wanaozeesha mtoto kwa mwaka mmoja ili mtandao uwapitishe. Usifanye hivyo. Tarehe hiyo itagongana na pasipoti mlangoni, na tena umri ndio utakaoipa alama maana, kama utakavyoona katika hatua ya 8. Ukiuharibu, umeharibu kipimo chote.

*Kosa la pili ni letu sisi hasa.* Mtoto ana majina matatu kwenye pasipoti, shuleni anatumia mawili, na nyumbani anaitwa Junior. Mfumo wa Marekani unataka jina la kwanza na la ukoo, na mara nyingi jina la babu ndilo lililokaa mahali pa ukoo kwenye pasipoti huku shule ikitumia la baba. Fuata pasipoti neno kwa neno, herufi kwa herufi. Ikiwa imeandikwa Khadija yenye "h", usiandike Kadija kwa kuwa ndivyo mwalimu wake alivyozoea.

*Kosa la tatu:* wakati wa kusajili utapewa nafasi ya kutuma alama bure kwa vyuo vinne. Kwa mtoto wa darasa la 7 ziache wazi. Alama hazifiki chuo chochote mpaka zitumwe, na hakuna chuo kinachozingoja.

Hatua ya 4: Mpe jaribio moja kamili nyumbani

Pakua Bluebook na umfungulie mtoto mojawapo ya mitihani ya majaribio iliyomo humo bila malipo. Aifanye asubuhi ya Jumamosi, mezani, simu zikiwa chumba kingine na wadogo zake wakiwa nje. Mtihani mzima huchukua saa 2 na dakika 14, mbali na mapumziko ya dakika 10 katikati. Kusoma na Kuandika kuna maswali 54 yaliyogawanywa katika moduli mbili za dakika 32 kila moja. Hisabati kuna maswali 44 katika moduli mbili za dakika 35. Kwa hesabu ya haraka, swali la kusoma lina kama sekunde 71 na la hisabati kama sekunde 95.

Jaribio hili lina kazi mbili. Kwanza linamwonyesha mtoto skrini, saa inayohesabu kurudi nyuma, kikokotoo kilichomo ndani ya programu na kitufe cha kuwekea alama swali la kurudia, ili siku ya mtihani asipoteze dakika kwa kushangaa. Pili linakuambia kama kuna haja ya kuendelea. Mtoto akipata kati ya 200 na 300 katika sehemu zote mbili, mizani hii imemzidi kwa mwaka huu, na hakuna ubaya kuahirisha hata kama umekwisha kuwatangazia ndugu kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 5: Mwandae kwa kiasi

Wiki nne zinatosha, nusu saa kwa siku, siku tatu au nne kwa wiki. Khan Academy ina mazoezi ya SAT ya bure, yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na wenye mtihani. Mwelekeze mtoto katika mambo matatu tu. La kwanza, hakuna adhabu kwa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo asiache swali hata moja wazi. La pili, ndani ya moduli anaweza kurudi nyuma, lakini moduli ikifungwa haifunguki tena. La tatu, moduli ya kwanza ndiyo inayoamua ugumu wa moduli ya pili: akiivuruga kwa haraka, atapewa ya pili iliyo nyepesi, na hata akiipata yote hatafika juu kabisa.

Sishauri masomo ya ziada ya kulipia katika umri huu, na najua kuna watakaonipinga. Ukimkaririsha mtoto mbinu za SAT kwa miezi sita, alama itakayotoka itakuwa inapima ile miezi sita. Swali uliloliandika katika hatua ya 1 litabaki bila jibu, nawe utakuwa umelipa mara mbili.

Hatua ya 6: Siku tano kabla ya mtihani

Fungua Bluebook kwenye kifaa kile kile kitakachotumika na ukamilishe maandalizi ya mtihani humo. Zoezi hili hufunguka kama siku tano kabla, na mwisho wake hutolewa tiketi ya kuingilia. Ichapishe. Baada ya hapo usibadilishe kifaa, wala usimwachie kaka yake acheze mpira humo na kujaza diski. Asiye na kifaa anaweza kuomba kuazimwa na College Board, ila maombi hayo yanatakiwa walau siku 30 kabla, kwa hiyo wiki ya mwisho ni kuchelewa.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Nchini Marekani milango hufunguliwa saa 1:45 asubuhi na kufungwa saa 2:00 kamili kwa saa ya Kiswahili, yaani 7:45 na 8:00 kwa saa yao. Kwingineko soma muda ulioandikwa kwenye tiketi, na uusome kwa saa yao, si kwa saa ya Kiswahili. Nimewahi kumwona mama mmoja akiwahi kwa muda wa saa sita nzima kwa sababu ya kosa hilo, na afadhali huyo kuliko angechelewa. Mtoto abebe kifaa kilichojaa chaji, chaja, pasipoti, tiketi, kalamu ya kuandikia karatasi ya rafu, maji na kitu chepesi cha kula. Simu ibaki kwako.

Mtoto mdogo atajikuta katikati ya vijana wenye ndevu. Mwambie mapema kwamba atakuwa mdogo kuliko wote chumbani, kwamba yatakuwepo maswali ambayo hajawahi kufundishwa, na kwamba hilo linategemewa. Mtoto asiyeambiwa hivi hukutana na swali la kwanza la trigonometria akadhani amepotea chumba.

Hatua ya 8: Zisome alama kwa utaratibu huu

Matokeo hutoka baada ya wiki mbili au tatu hivi. Kabla ya kumwita mtoto, kaa peke yako na ripoti na ufuate mpangilio ufuatao.

*Usigawanye.* Baba mmoja alinionyesha nyuma ya risiti ya duka alikokuwa amepiga hesabu: 520 gawanya kwa 800, akapata 65. Akaiandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "C." Sisi tuliolelewa na mitihani ya asilimia na madaraja tunafanya hivi bila kufikiri, na ni kosa. Kipimo cha SAT hakianzi na sifuri, kinaanza na 200, na namba zake si hesabu ya maswali yaliyopatikana. Ni mahali kwenye ngazi. Nilimwambia yule baba kwamba 520 ya hisabati ilikuwa juu kidogo ya wastani wa Marekani nzima kwa vijana waliomaliza sekondari mwaka 2024, ambao ulikuwa 505, wakati binti yake alikuwa na miaka 12 na miezi minne. Aliikunja ile risiti akaitia mfukoni.

*Tenganisha sehemu mbili.* Jumla ni namba ya kumwambia bibi kwenye simu. Wewe soma Kusoma na Kuandika peke yake, kisha Hisabati peke yake. Kwa mtoto ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, pengo la alama 100 kati ya sehemu hizo ni jambo la kawaida, na linasimulia habari za lugha kabla ya kusimulia habari za akili.

*Linganisha na ngazi za madarasa.* PSAT 8/9 na SAT zimejengwa juu ya kipimo kimoja, kiasi kwamba 450 ya huku inalingana na 450 ya kule. Hivyo unaweza kutumia viwango ambavyo College Board imeweka kwa kila darasa kuonyesha kwamba mwanafunzi yuko kwenye njia ya kuelekea chuo. Namba ya kwanza ni ya Kusoma na Kuandika, ya pili ni ya Hisabati:

Darasa la 8: 390 na 430
Darasa la 9: 410 na 450
Darasa la 10: 430 na 480
Darasa la 11: 460 na 510
Utayari wa chuo: 480 na 530

Mstari wa mwisho una maana mahususi: mwanafunzi aliyeufikia ana uwezekano wa asilimia 75 wa kupata walau C katika masomo ya muhula wa kwanza chuoni yanayohusiana na sehemu hiyo.

*Acha nafasi ya kuyumba.* Ripoti yenyewe inaonyesha kwamba alama ni eneo, si nukta. Mtoto huyo huyo akirudia mtihani kesho anaweza kupanda au kushuka kwa alama kama 30 hadi 40 bila chochote kubadilika kichwani mwake. Kwa hiyo usiwatofautishe pacha wawili kwa sababu mmoja ana 470 na mwenzake 490.

*Soma nafasi kati ya mia kwa tahadhari.* Ripoti itakuwa na namba inayoeleza ni watahiniwa wangapi katika kila 100 waliopata alama kama ya mtoto au chini yake. Ikiandikwa 48, mzazi husononeka. Lakini hao 100 anaopangwa nao ni vijana wa miaka 16, 17 na 18. Mtoto wa miaka 12 aliyeketi katikati ya safu hiyo hayuko katikati ya rika lake hata kidogo.

*Hesabu umri kwa miezi.* Miezi kumi katika umri huu ni darasa zima la aljebra. Wale wa Johns Hopkins walilitambua hilo: kwa miaka mingi mpango wao wa kufuatilia vipaji vya hali ya juu kabisa ulidai alama 700 katika sehemu moja kabla ya kutimiza miaka 13, na aliyepitisha siku hiyo aliongezewa alama 10 kwa kila mwezi uliozidi. Kiwango chenyewe kisikuhangaishe, kwani ni cha wachache sana. Ninachotaka uchukue hapo ni desturi ya kuandika umri pembeni ya alama, kwa miaka na miezi, kabla ya kuihukumu.

Tuchukue mfano wa kubuni tuupitishe humo. Mtoto wa darasa la 7, miaka 12 na miezi 8, amezungumza Kiingereza shuleni kwa miaka mitatu. Kusoma na Kuandika 430, Hisabati 560, jumla 990. Kwa jicho la haraka, 990 ni chini ya wastani wa 2024, ambao ulikuwa 1024, na hapo ndipo simu ya "amefeli?" hupigwa. Kwa utaratibu wetu, hisabati yake imeuvuka mstari wa utayari wa chuo, na hata ukiiondolea 30 za kuyumba bado inaufikia. Na usomaji wake umekaa kwenye kiwango cha darasa la 10, kwa lugha aliyoianza juzi. Huyu hajafeli kitu. Huyu anakaa kwenye somo la hisabati lisilomtosha, na sasa una karatasi ya kulithibitisha hilo.

Hatua ya 9: Amua jambo moja na ulitekeleze

Hisabati ikiwa karibu na 530 au juu yake, omba kikao na mshauri wa shule, peleka ripoti iliyochapishwa pamoja na daftari la mtoto, na uombe apimwe kwa ajili ya aljebra au jiometri ya mbele. Omba somo moja kwanza. Kuruka darasa zima kunagusa marafiki, michezo na usingizi wa mtoto, na SAT haipimi hayo. Kusoma na Kuandika kukiwa juu, ongeza vitabu vigumu na kazi za kuandika. Sehemu zote mbili zikiwa chini ya viwango vya darasa la 8, mwache aendelee na darasa lake kwa raha.

Kisha weka ripoti mahali salama. Pakua nakala siku ile ile, ichapishe na uihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa, usitegemee kuikuta mtandaoni miaka mitano ijayo. Usimrudishe kwenye mtihani mwaka huo huo. Mara moja kwa mwaka ni kikomo changu kwa mtoto ambaye hajafika darasa la 9.

Mambo yakienda kombo

*Intaneti imekatika katikati ya mtihani.* Mtoto aendelee kujibu. Mtandao unahitajika wakati wa kuanza na wakati wa kutuma majibu; hapo katikati Bluebook inahifadhi kazi yake kwenye kifaa. Ikiwa majibu hayakwenda mwishoni, asifute programu, asibadilishe kifaa, bali aunganishe mtandao na kuifungua tena.

*Alitoka akisema mtihani ulikuwa mwepesi, alama zikaja chini.* Muulize kama wepesi ulikuwa kwenye moduli ya pili. Kama ndivyo, alijikwaa katika ya kwanza na mfumo ukampa maswali mepesi zaidi. Hakudanganya.

*Darasani anapata A ya hisabati, hapa ana 410.* Fungua sehemu ya ripoti inayogawa maswali kwa mada. Aljebra na hisabati ya juu huchukua takriban asilimia 70 ya maswali, na mtoto wa darasa la 7 huenda hajafunguliwa hata ukurasa mmoja wa hiyo ya pili. Ikiwa alianguka kwenye mada asizofundishwa, alama inaeleza mtaala wake. Ikiwa alianguka kwenye asilimia, uwiano na grafu, mada alizokwisha kusoma, hapo kuna la kuzungumza na mwalimu.

*Hisabati iko chini kwa mtoto aliyetoka Tanzania au Kongo hivi karibuni.* Mpe nyumbani maswali yale yale ukimsomea kwa Kiswahili, bila kumsaidia hesabu. Anayejua mlinganyo, mteremko na wastani kwa lugha yake lakini hazitambui zikivaa Kiingereza anahitaji msamiati, na msamiati wa hisabati ni maneno machache sana kuliko unavyodhani.

*Shule imesema haitumii alama za SAT kupanga watoto.* Usibishane na sera. Uliza wanatumia kipimo gani, omba mtoto apewe hicho, na uiache ripoti yako mezani kama sababu ya kuomba.

*Mtoto amelia chumbani au ameacha nusu ya maswali.* Hakuna chuo kitakachoiona alama hiyo usipoituma, kwa hiyo usimfanyie kikao cha familia. Mpe siku mbili, kisha muulize ni dakika gani alianza kuchoka. Akisema ni baada ya mapumziko, mwaka ujao mpatie chakula kizito zaidi asubuhi. Akisema ni tangu mlangoni, rudini kwenye hatua ya 1 mkasome tena ile sentensi mliyoiandika, safari hii yeye akiwa ndiye ameshika kalamu.